Malkia wa Owuor

Duka la baba pale kituo cha Kawangware 56, Nairobi, lilinuka rangi ya mafuta na misumari mipya. Misumari ina harufu, asikudanganye mtu. Aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi anaijua: ni grisi nyembamba inayobaki vidoleni hata baada ya kunawa kwa sabuni, na mimi nilikwenda nayo shuleni, kanisani na kitandani. Juu ya kaunta hiyo, kati ya mizani ya misumari na kopo la brashi, ndipo ubao wangu wa sataranji ulipokaa mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Baba hakujua sataranji. Hakujua hata farasi huruka vipi. Alichojua ni kwamba mwenzake mmoja wa kanisani, mwenye ploti za kupangisha kama yeye, alikuwa na mtoto anayecheza, na picha ya mtoto huyo akiwa na medali ilikuwa imetundikwa sebuleni ili kila mgeni aione kabla hajapewa chai. Hilo lilimkaa baba rohoni. Wiki iliyofuata ubao ukaletwa, kocha akaletwa, na mimi, msichana ambaye hadi hapo nilipenda kuruka kamba tu, nikaambiwa nina kipaji.

Kocha alikuwa mtu wa tai na maneno mengi. Alikuja kila Jumamosi, akala chapati za mama, akanifundisha mambo manne au matano ya maana na mengine mia ya kujisifu. Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini alilijua jambo moja ambalo baba alilipenda mno, nalo ni kwamba mchezaji wa sataranji hupewa namba. Unaingia mashindano yaliyosajiliwa, unacheza, na kadiri unavyoshinda ndivyo namba yako inavyopanda. Sisi watoto tuliiita retingi. Yangu ilikuwa elfu moja mia tatu na kumi na mbili, na baba aliitaja kwa wateja waliokuja kununua bawaba. Leo nikiifikiria namba hiyo nasikia aibu mpaka masikioni. Niliipata kwa kuwashinda watoto wa rafiki zake, vitoto vilivyolazimishwa kama mimi, vikicheza huku vikiangalia saa ya kwenda kuogelea. Mtoto ambaye hakuwahi kuingizwa katika mashindano hayo aliandikiwa sifuri, na sisi tuliokuwa na namba tuliisoma sifuri hiyo jinsi watu wanavyosoma alama ya mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba maana yake ilikuwa moja tu, kwamba huyu hajapimwa.

Msimu ule wa likizo ya Agosti, baridi ikiwa kali na matope ya mtaa wetu wa Kabiro yakiwa hayakauki, kulikuwa na mashindano katika ukumbi wa kanisa la hapo. Yalikuwa ya siku mbili, na mshindi wa kundi letu angeingia katika timu ya watoto wa Nairobi itakayokwenda kucheza Mombasa. Ukumbi ulikuwa umepigwa nta iliyochanganywa na mafuta ya taa, sakafu ikiteleza na kuchoma pua. Ukutani ilibandikwa karatasi yenye majina na namba zetu. Watoto wa Kibera walikuja kwa miguu kutoka Sarang'ombe, tisa kwa pamoja, viatu vikiwa na matope hadi kwenye nyuzi. Wakaambiwa wavue mlangoni ili wasiharibu nta. Sisi tulioletwa kwa gari hatukuambiwa kitu. Wakacheza siku mbili kwa soksi, na wengine kwa miguu mitupu, juu ya saruji ya Agosti. Nakumbuka nikimwambia msichana aliyekaa karibu nami kwamba wananuka moshi. Mimi, niliyenuka misumari.

Kocha alikuwa amenipa dawa yao. Alisema watoto wa Kibera wote huanza na drafti, ile ya vizibo vya soda inayochezwa nje ya kila kinyozi, na katika drafti kula ni lazima. Ukiacha kula, kete yako inaondolewa. Kwa hiyo mkono wao umezoea. "Mpe kitu ale," aliniambia, "atakula tu, hawezi kujizuia." Na ilikuwa kweli. Siku ya kwanza niliwatolea askari wawili wa bure, nao wakawala, na kila aliyekula aliacha nyuma yake pengo ambalo ng'ombe angepita. Niliwashinda wawili hivyo kabla ya chakula cha mchana. Sikuwa na akili zaidi yao. Nilikuwa nimeambiwa siri yao na mtu mzima, basi, na nikajiona bingwa. Mdharau mwiba, guu huota tende, lakini tende langu lilikawia kuota, na hapo katikati nilitembea kwa maringo sana.

Raundi ya mwisho nilipangwa na Owuor. Jina lake lilikuwa chini kabisa kwenye karatasi, na sifuri yake pembeni, lakini alikuwa ameshinda wote aliocheza nao isipokuwa mmoja, aliyetoka naye sare. Mimi nilikuwa nimemzidi nusu pointi. Sare ingenitosha kwenda Mombasa. Yeye alihitaji kushinda. Alikuwa mvulana mwembamba wa umri wangu, sweta lake limefumwa upya kwenye kiwiko kwa uzi wa rangi nyingine. Wenzake walimsindikiza hadi mezani, na mmoja wao, mdogo kuliko wote, akampa chupa tupu ya maji na kumwagiza kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Ukifika huko uniletee maji ya bahari. Nataka nionje kama ni kweli iko na chumvi." Owuor akaiweka chupa chini ya kiti chake kana kwamba tikiti ya gari moshi iko mfukoni. Nilicheka. Baba, aliyesimama nyuma yangu na funguo za gari mkononi, alicheka pia, kisha akainama na kuniambia, "Maliza huyu haraka, nina mtu ananingoja dukani."

"Sasa," Owuor akanisalimu. "Unaitwa nani?"

Nikamwonyesha karatasi ya ukutani kwa kidole. Sikuona haja ya kumjibu mtu wa sifuri.

Nilicheza weupe. Hatua ya sita nikamtolea askari, kama kawaida yangu. Owuor akamtazama yule askari kwa muda, akakuna goti, kisha akatabasamu. "Zii," akasema kwa upole, kama anayekataa kuongezewa ugali. "Hiyo siwezi kula." Akasogeza farasi wake kwingine. Ndipo nikajua kwamba sikuwa na kitu kingine. Kila nilichofundishwa na yule mtu wa tai kiliishia hapo. Saa nzima iliyofuata nilikuwa narudi nyuma tu, na vipande vikawa vinaondoka ubaoni, wake na wangu, ngome kwa ngome, malkia kwa malkia. Nilipomla malkia wake sikumweka mezani pamoja na vipande vingine nilivyokula. Nilikuwa na mazoea ya kushika kitu mkononi nikiwa na wasiwasi. Dukani nilishika msumari. Nikamshika malkia mweusi, nikawa namzungusha ndani ya ngumi chini ya meza, na taji lake lenye meno likawa linanichora kiganja.

Mwishowe tulibaki mimi na mfalme na farasi, yeye na mfalme na askari mmoja. Askari huyo alikuwa anapanda, na hakuna nilichoweza kumfanya. Kama hujui mchezo huu, jua hili moja: askari akifika mstari wa mwisho hugeuka malkia, na malkia ni kipande kinachokwenda popote, moja kwa moja na kwa pembe, kwa hiyo mimi nilikuwa nimekwisha. Owuor alimfikisha. Akamwondoa ubaoni, akanyoosha mkono kwenye rundo la vipande vyake nilivyokula ili amchukue malkia. Hakumwona. Akapangua rundo, akainua karatasi ya kuandikia, akatazama chini ya ubao. Saa yake ya mchezo ilikuwa inakwenda, dakika alizobakiwa nazo zikiwa chache.

"Kwini iko wapi?" akaniuliza.

Nikainua mabega. Sitasema nilikuwa mtoto na sikujua nifanyalo. Nilijua. Mkono wangu ulikuwa na jasho, malkia akiteleza ndani yake, na nilichotakiwa kufanya ni kufungua vidole vitano. Nikaona macho yake yakishuka mara moja kuelekea ukingo wa meza, pale mkono wangu ulipopotelea, kisha yakapanda tena. Halafu akafanya walivyofanya kwao. Kwao Sarang'ombe, nilikuja kujua, seti moja ilichezewa na watoto ishirini, na vipande vilivyopotea viliwekewa vizibo, betri na vifungo. Anayehitaji malkia na hana, huchukua ngome na kuisimamisha kichwa chini. Kila mtu kule aliijua lugha hiyo. Owuor akachukua ngome yake kwenye rundo, akaigeuza, akaiweka na kusema "kwini," kisha akabonyeza saa.

Kocha hakuwa bure kabisa. Alinisomesha kitabu cha sheria, na mimi nilikuwa mtoto wa kukariri. Sheria ilisema ngome ni ngome, hata ukiilaza, hata ukiigeuza, hata ukiiapia, na ngome huenda moja kwa moja tu, haiendi kwa pembe. Mchezaji anayekosa kipande husimamisha saa na kumwita mwamuzi amletee. Ningeweza kumwambia hapohapo. Badala yake nikamsogeza mfalme wangu pembeni, kwa makusudi, mahali ambapo malkia angemmaliza kwa hatua moja na ngome isingemfanya kitu. Nilimtolea chambo cha pili, na safari hii alikula. Akaipeleka ile ngome iliyopinduliwa kwa pembe, akaegemea kiti, akasema "chekimeti" bila kelele, na nyuma yake wale watoto wanane wakaanza kupeana mikono.

Nikainua mkono ule mtupu na kumwita mwamuzi.

Mwamuzi alikuwa mzee mwembamba mwenye haki yake, na haki yake ilikuwa kijitabu. Akasikiliza. Owuor akamweleza kwamba hakuona malkia, kwamba "sisi tunageuzanga hivi." Mwamuzi akauliza malkia mweusi yuko wapi. Nikasema, "Labda ameanguka." Akainama, akatazama chini ya meza, akaona soksi za Owuor na chupa tupu ya maji. Hakuniambia nifungue mkono. Mtoto wa mwenye duka, mwenye elfu moja mia tatu na kumi na mbili, haombwi kufungua mkono. Akasema hatua ile ni batili, ngome irudi ilipotoka, na kwa kuwa Owuor aliigusa, lazima acheze hiyohiyo. Gusa umecheza. Ikasogea mahali pabaya, farasi wangu akaitishia pamoja na mfalme wake kwa hatua moja, nikaila, na ubaoni wakabaki wafalme wawili na farasi mmoja asiyeweza kumaliza kazi. Sare. Hata kushinda sikushinda. Nilikwenda Mombasa kwa sare niliyoiba.

Owuor alinipa mkono, kama sheria inavyotaka. Nilimpa wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa sweta, na malkia wake ndani. Nilingoja aseme kitu. Akasema "poa" tu, akainama kuchukua chupa yake.

Ningeishia hapo kama yangeishia hapo. Lakini vipande vilipohesabiwa jioni, seti moja ilipungukiwa na malkia, na waandaaji wakasema mlango usifunguliwe. Kisha wakapekua mifuko ya watoto wa Kibera. Wote tisa walisimama kwenye mstari karibu na viatu vyao vyenye matope, mifuko ikageuzwa nje, makaptula yakapapaswa, na yule mdogo wa maji ya bahari akaambiwa avue sweta. Sisi wengine tulikuwa tunakula keki. Hakuna aliyefikiria kutupekua sisi, na lau wangefikiria, baba angewaonyesha moto. Alisimama pale akitikisa funguo zake. "Hawa ndio unawaalika," akamwambia kocha, "na hawa ndio wanabeba." Kocha akatikisa kichwa kwa masikitiko na kujichukulia keki. Nawadharau wote wawili hadi leo, na nimemzika mmoja wao kwa heshima zote. Lakini wao angalau hawakujua. Mimi nilikuwa na malkia mfukoni na makombo ya keki mdomoni, na nilichokihofia si dhambi, ni sweta kuonekana limevimba.

Mombasa nilipoteza michezo yote. Nikaionja bahari. Ina chumvi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu na ya lami. Duka sasa ni langu, ploti za Kabiro zimepanda ghorofa nne nne, mabati yameondoka na matope yameondoka nayo, na nina binti wa miaka tisa, Wambui, ambaye ana kocha wa kwenye simu na namba kubwa kuliko yangu ya zamani. Naijua dhambi hiyo na naitenda. Namtazama akisoma karatasi ya ukutani, akishusha kidole hadi kwenye sifuri zilizo chini na kukunja mdomo, na ule mdomo naujua, niliukunja mimi kabla yake. Wazazi wenzangu ni kama walewale wa siku zile, ila funguo za gari siku hizi hazitikisiki, zina vitufe. Tunasimama na kahawa za bei mbaya tukizungumzia vipaji. Hakuna hata mmoja anayejua farasi huruka vipi.

Mwaka huu mashindano ya watoto yalifanyika Kibera, katika ukumbi mpya wa Sarang'ombe. Hakuna aliyevuliwa viatu. Wazazi tuliwekwa nyuma ya kamba ya plastiki. Wambui alipangwa na msichana mdogo wa pale, mwenye nywele fupi na sifuri, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba watoto wote wa kule walivipanga vipande vilivyoliwa katika mstari pembeni mwa ubao, vyeusi kwa vyeusi, vyeupe kwa vyeupe, kama vikombe kwenye rafu. La pili nililoliona ni mkono wa binti yangu chini ya meza. Sikumfundisha hilo. Ukafika wakati askari wa yule msichana akamaliza safari yake. Hakuhangaika. Akatazama mstari wake, akaona pengo, akasimamisha saa, akainua mkono juu kabisa. Mwamuzi alipofika, mtoto akasema, "Naomba kwini yangu. Ako nayo mkononi."

Wambui akafungua vidole. "Ai, sorry, sikujua nimeishika," akasema, akacheka, akampa. Saa ikaendelea. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Nimeishi miaka hii yote nikijiambia kwamba lilikuwa jambo gumu.

Nilipita chini ya kamba bila kufikiri. Kocha wa watoto wale alikuwa amesimama ukutani, mwanamume mwembamba aliyeanza kupata mvi mapema, na nilimjua kwa jinsi alivyokuna goti alipoinama kuangalia ubao. Nikamuuliza ni nani aliyewafundisha kupanga vipande hivyo. Hakunitazama, macho yake yalikuwa kwa watoto.

"Mimi. Hilo ndilo somo la kwanza, kabla hata ya farasi," alisema. "Nikiwa mdogo kuna msichana alinifichia kwini. Nilimwona ameishika."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

Alisema hivyo bila uchungu, jinsi mtu anavyokueleza barabara iliyofungwa. Kisha akageuka, akaniangalia kwa adabu, na sikuweza kujua kama aliniona mimi au aliona mzazi mwingine tu mwenye kahawa. "Mama Wambui, si ndio? Naomba urudi nyuma ya kamba. Watoto wanacheza."

Nikarudi. Binti yangu alishindwa kabla ya saa sita, akalia kidogo, na tukaenda nyumbani. Malkia mweusi yuko katika mkebe wa vifungo wa marehemu mama, jino moja la taji limevunjika. Kutoka kwangu hadi Sarang'ombe ni nusu saa, hata msongamano ukiwa mbaya. Ni mwezi wa pili sasa tangu siku ile, na nilichofanya ni kuandika haya.